Ubao wa Mkia wa Mbayuwayu

Mwadime aliacha kupatikana kwenye simu Jumatatu moja ya Februari, nikiwa nachambua mboga. Siku ya tatu mwenzake wa kazini alinipigia. Alisema kaka yangu alilala na homa, asiamke.

Alikuwa huko Ghuba, katika ukumbi wa theluji uliojengwa ndani ya jengo la maduka. Kazi yake ilikuwa kukodisha mbao za kutelezea. Kila jioni alinitumia ujumbe wa sauti, akinieleza umbo la ubao mmoja na jinsi unavyokwenda. Nilisikiliza nusu, nikajibu, "Sawa, kaka." Simu ilipojaa nilizifuta jumbe zote. Wa mwisho sikuwa nimeufungua.

Tangu tumzike sikuwahi kumwota. Usiku wa kuamkia leo nimeota.

Naingia jikoni kwetu Wundanyi kuchukua chumvi, nakuta theluji imenifika magotini. Kuna kaunta. Nyuma yake limesimama jiko letu la mkaa, limevaa sweta ya kazi ya Mwadime.

"Saizi ya kiatu, dada?"

"Sita. Namtafuta kaka yangu."

"Simama mbali kidogo. Nikichangamka tu, naambiwa nimelowesha sakafu."

Ukutani zimening'inia mbao tatu. Ubao wa kwanza una ncha mbili zinazofanana. Unaongea kwa sauti ya Mwadime.

"Mimi mbele na nyuma ni sawa, mdogo wangu. Nakwenda hivi, narudi hivi, wala sigeuki. Mguu wa mbele unafungwa mshazari, wa nyuma unanyooka, kisha uzito unauweka..."

"Endelea," nasema.

"Hapo ndipo ulipokwenda kuepua ugali."

Wa pili una pua ndefu na mkia mfupi, na katikati umepinda kama upinde. "Mimi ni wa kwenda mbele. Ukinikandamiza nang'ata theluji, siyumbi. Lakini ukitaka kurudi kinyumenyume..."

"Ndiyo?"

"Hapo mlango ulibishwa. Mama Mkamburi alikuja kuazima mwiko."

"Na hajaurudisha," linasema jiko.

Wa tatu mkia wake umegawanyika kama wa mbayuwayu. Hausemi kitu.

"Na huu?"

"Huyo hajawahi kukodishwa. Yeye anataka theluji nene, na ya kule ni nyembamba. Mwadime alimpangusa kila Ijumaa hivyo hivyo."

"Anakwendaje?"

"Mimi jiko, dada. Nitajuaje?"

Nauuliza wenyewe. Unanijibu, na sauti si ya Mwadime tena, ni yangu.

"Mimi ni ule ujumbe wa mwisho. Hukunifungua, kwa hiyo sijui ninavyokwenda."

Naufunga miguuni, mguu wa kushoto mbele. Jiko linageuka pembeni, kama mtu asiyetaka kuonekana akilia, na theluji inayeyuka chini yake.

Sasa jikoni pameinama. Pamekuwa mteremko mrefu mweupe, na chini kabisa amesimama Mwadime kwa shati jembamba, amenipa mgongo, simu iko mdomoni. Nateremka kumwelekea. Kugeuza sijui. Kusimama sijui. Namwita, anainua kidole, kama mtu anayeomba amalize kusema.

Nampita karibu sana, hata naviona vishikizo vya shati. Anasema kwenye simu, "Wakesho, huu sasa nisikilize vizuri, kwa sababu..."

Nasikia mdomo wangu ukijibu, "Sawa, kaka."

Theluji inafunga nyuma yangu.

Nimeamka kabla ya jua. Juu ya miguu yangu yote miwili kuna alama za mikanda. Ya kulia imenyooka. Ya kushoto imekaa mshazari.

Leo saa nane sanduku lake la nguo linafika Voi. Naenda kulipokea.