Uvundo Kwenye Barafu

Nilitema kwenye sinki kwa mara ya tatu. Barafu ile ilikuwa na ladha ya mafuta yaliyovunda, na kinyaa kilinishika mpaka machozi yakanitoka.

Mama Prudencia, mama mkwe wangu, alikuwa ameshuka melini kutoka Bukoba asubuhi hiyo, na mume wangu Florian alikuwa njiani kumleta kwetu Buhongwa. Hakuwahi kufika kwangu. Niliapa asipate la kusema kuhusu usafi wa Msukuma aliyeolewa na mwanawe.

Friji yetu inatengeneza barafu yenyewe, unaijazia maji tu. Nilishamwaga maji ya bomba, nikaweka ya chupa. Nikabadilisha chujio. Trei nikaisugua kwa limau na magadi. Wapi! Uvundo palepale.

Nikaichomoa droo nzima ya barafu. Juu yake, kwenye kona, palibanwa kopo lililopasuka. Ndani kulikuwa na senene wabichi, wale panzi wanaoliwa kwao Bukoba, walioganda na kuyeyuka kila umeme ulipokatika, sasa wamekuwa rojo la kijani lenye macho. Maji yao yalichuruzikia barafu. Na mimi nimeitafuna! Nilikimbilia chooni nikatapika.

Senene nilishampiga marufuku Florian tangu tuoane. Muongo mkubwa!

Nilipotoka, walikuwa wamefika. Florian, kwa kiherehere chake, alikuwa amechota barafu niliyoiacha mezani akampa mama maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ng'washi mwanangu."

Akapiga funda. Uso ukamkunjamana, lakini akameza ili asiniaibishe. Kisha akatoa kitenge kipya mkobani.

"Hiki ni cha senene. Kwetu mke akimwandalia mumewe senene, anavishwa. Nilikutumia wale wa Novemba, na Florian kaniambia ulivyomkaangia akala wote."

Florian akaangalia dari.

Aibu ikakizidi kinyaa. Nikampokonya mama glasi.

"Usinywe, mama. Sijawakaanga. Kawaficha kwenye friji, wameoza, ndiyo ladha hiyo. Na hata angenipa nisingewagusa, nawaonea kinyaa."

Mama alifuta midomo kwa pindo la kanga. Alimtazama mwanawe, akanikabidhi kitenge.

"Vaa, mwanangu. Friji ataiosha yeye. Na hiyo glasi mpe aimalizie."

Akaenda kusimama mlangoni, Florian asipate pa kutokea, mpaka alipoimaliza.