Madoa Meupe ya Mughwai

Mughwai hakufundishwa kuchora na mtu, na hilo alilisema kwa majivuno kama wenzake wanavyosema wamesoma Makerere.

Alikaa nje kidogo ya Ikungi, kwenye mteremko wa yale mawe makubwa yaliyopandana kama kuna mtu aliyapanga. Kila asubuhi kabla ya shamba aliyachora. Rangi anatengeneza mwenyewe: nyekundu ni udongo wa kichuguu, nyeusi ni masizi ya vyungu vya mkewe Luciana, nyeupe ni majivu yaliyochekechwa, vyote anavikoroga na gundi ya mgunga. Buluu tu ndiyo ilimshinda, kwa hiyo alitumia ile ya kufulia nguo. Alipewa na Sherbanu, mama mwenye duka Singida mjini, pamoja na mifuko ya kitambaa iliyoisha unga wa ngano. Mifuko ndiyo alichorea. Brashi yake ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa, basi.

Na alikuwa na sheria moja tu: hachori asichokiona. Sherbanu aliwahi kumbembeleza amwongezee wale ndege wa rangi ya waridi wa ziwa Singidani kwenye picha ya mbuga, lile bonde tambarare chini ya mawe.

"Weka hata wawili, Mughwai. Duka lipendeze."

"Siku ile hawakuja, mama."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Picha yenyewe aliichora masika ya mwaka sitini na nane, mvua ilivyonyesha mpaka mbuga yote ya chini ikawa ziwa. Katikati ya maji kuna jiwe wanaloliita Ndama, na maji yamelifika mabegani. Palepale maji yanapogusa jiwe, Mughwai aliweka madoa meupe, madogo, mengi. Luciana alipoiona mara ya kwanza akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba, kunguru kakunyea picha."

"Ni konokono. Walipanda jiwe wakikimbia maji."

"Konokono." Akaenda kuwaambia majirani. Tangu hapo kijiji kizima kikamwita Mzee Kunguru, na ile picha akampa Sherbanu, naye akaitundika dukani nyuma ya mizani.

Sasa ikaja sabini na nne, watu wakaambiwa wahame kwenye maboma yao yaliyotawanyika, wakae pamoja kijiji cha ujamaa. Mughwai hakuwa na neno na hilo. Shule karibu, kisima kimoja, nani anakataa? Tatizo ni pale alipokuja Ndugu Urbano, kijana mpima viwanja, shati limenyooka, jalada kwapani, akapigilia vigingi vyake mbugani. Katikati kabisa. Tena mwezi wa kumi, mbuga imekauka, imepasuka kama kisigino.

Nyumba za kule ni tembe, za miti na udongo, mpaka paa. Maji yakisimama pale siku tatu, tembe inarudi kuwa tope na waliolala ndani wako humohumo.

"Shikamoo mzee," Urbano alimwambia. "Najua unachotaka kusema. Kuna maji."

"Marahaba. Kuna maji, mwanangu."

"Kila kijiji nilichokwenda kuna maji. Kingine kina mizimu, kingine nyoka. Watu hawataki kuhama tu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. "Miaka sita hapa hapajajaa. Una kitu cha kunionyesha?"

Mughwai akapanda baiskeli mpaka mjini. Sherbanu alimtundulia picha huku ananung'unika. "Utairudisha. Wateja wanaiuliza hiyo."

Kesho yake akaikunjua mbele ya watu wote. Urbano akaiangalia sana. Akainama, akanusa.

"Umechora vizuri, mzee, sikatai. Lakini mchoraji anaweza kuchora hata bahari hapa Ikungi."

"Wengine wanaweza. Mimi sichori nisichokiona."

"Na haya meupe?"

Watu wakaanza kucheka. Mtu akasema kwa nyuma, "Mavi ya kunguru hayo, ndugu." Hata Luciana alificha mdomo kwa khanga.

"Konokono," Mughwai akasema. "Walikaa kwenye ufa wa jiwe la Ndama, maji yalipoishia. Urefu wa bega langu. Twende."

Wakateremka wote. Njiani Mughwai hakuwaambia kwamba hakuwahi kurudi kwenye ule ufa. Miaka sita. Upepo, ng'ombe wanajikuna pale, nani ajuaye kilichobaki? Kama hakuna kitu, basi atakuwa mzee aliyepamba picha, na watu watajenga mbugani. Lakini mguu wake haukusita. Aliona alichokiona.

Ule ufa ulikuwa umezibwa na tope kavu, na nyasi zimeota juu yake. Urbano akang'oa nyasi, akatoa kalamu mfukoni, akachokoa. Tope likadondoka. Akachokoa tena. Kikatoka kitu kama kifungo cha shati, cheupe. Halafu kingine. Halafu yakamwagika kiganjani mwake, magamba ya konokono, mepesi, matupu, mengi kuliko aliyoyachora.

Urbano alisimama palepale, ufa ukiwa sawa na bega lake. Akageuka kuangalia vigingi vyake, vyote viko chini ya usawa wa bega hilo.

"Kunguru gani anakunya haya?" Mughwai akauliza.

Jioni ile vigingi vilihamia juu, karibu na mawe. Urbano aliomba picha aipeleke ofisini, Mughwai akamwambia ina mwenyewe, ni ya mama wa duka, na kesho inarudi nyuma ya mizani.

Mwezi wa pili mvua ikaja kwa hasira. Siku ya tano, lile jiwe la Ndama likawa limesimama ndani ya maji mpaka mabegani, na matundu ya vile vigingi hayaonekani tena. Mughwai alikaa kibarazani kwenye tembe mpya, kavu, mfuko wa ngano magotini. Luciana akatoka ndani na kibakuli cha majivu aliyokwisha kuyachekecha mwenyewe, bila kuombwa.

"Mzee Kunguru," akasema taratibu, "leo konokono wako wangapi?"

Mughwai akakunja uso, akaangalia mbali.

"Ngoja niteremke. Kutoka hapa siwaoni."