Chupa ya Mauwa

"—kumi na mmoja, shangazi! Wanawake kumi na mmoja, matumbo yao yanafika mlangoni kabla ya wenyewe, na vyura wamekataa! Eti hakuna mimba! Nimekwisha mie!"

Bi Mwajabu alikuwa uani kwake Mtoni, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinua uso. "Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Aliyekwisha hapigi kelele hivyo. Kaa."

Mwanabaraka akae wapi! Tangu utoto akiwa na habari hakai. Alizunguka uani, buibui mkononi, kuku wanamkimbia.

Mwaka ule wa hamsini na tatu alikuwa ndiyo kwanza katoka chuoni, kaajiriwa kwenye maabara ndogo ya Temeke, kwa Bibi Daktari mmoja wa Kizungu aliyechunguza homoni za uzazi. Kazi ilikuwa hivi: unachukua mkojo wa mwanamke, unamdunga chura dume chini ya ngozi, unangoja kwa muda wa saa tatu. Mimba ikiwepo, homoni iliyomo mkojoni humwamsha chura akatoa mbegu, ukichungulia kwenye darubini unaziona zinachezacheza. Isipokuwepo, huoni kitu. Bibi Daktari alitaka kujua kama vyura wa madimbwi ya hapahapa wanafaa, na Mwanabaraka ndiye aliyesema: tuwajaribu kwa majirani zangu, mimba zao hata kipofu anaziona. Ripoti ingetoka na majina mawili, la Bibi na la binti wa Mtoni.

"Sasa kanipa mpaka Jumatatu," alisema, sauti imeanza kukatika. "Nisipompa sababu, vyura wanarudishwa dimbwini na mie napelekwa kliniki kupima uzito wa watoto. Anasema nimechanganya chupa. Mie! Niliyebandika majina kwa mkono wangu!"

"Wote wamekataa?"

"Wote. Kasoro chupa ya kumi na mbili, ya Mauwa."

Mkono wa Bi Mwajabu ukasimama juu ya nazi. Kisha ukaendelea, polepole.

"We mtoto, umezaliwa hapa au umezaliwa chuoni? Mwenye mimba hampi mtu hata ukucha wake. Atatoa mkojo? Tena adungwe nao chura?"

"Lakini walinipa! Chupa zilijaa!"

"Zilijaa, ndiyo." Akapaza sauti juu ya ua wa makuti. "Somoe! We Somoe! Ile chupa uliyompa huyu, ilikuwa ya nani?"

"Ya baba Kondo!" Somoe alijibu kutoka kwake, kicheko kimembana. "Kaijaza alfajiri mwenyewe! Vipi, chura anasemaje, mume wangu ana mimba?"

Sasa Mwanabaraka alikaa. Mavumbini, palepale. Miezi mitatu ya kazi! Miezi mitatu kachungulia mikojo ya waume wa watu.

"Nani kawafundisha?"

"Mie," alisema Bi Mwajabu. "Ingeharibika mimba moja tu, wangesema umeitoa wewe na vyura wako. Ungepita wapi mjini hapa? Nilikuwa nakulinda, mwanangu."

Kumkasirikia hakuweza. Machozi yalikuwa yameshafika ukingoni, mara akaruka. "Lakini Mauwa! Mauwa alinipa wake, ndiyo maana chura akakubali! Shangazi, vyura ni wazima! Nimepona!"

"Mauwa hakukupa wake."

"Wa nani, basi?"

"Mumewe alikuwa safarini, nyumbani hana mtu. Akaja kwangu." Bi Mwajabu alipangusa mikono kwenye kanga. "Nikampa wangu."

Bi Mwajabu alikuwa na miaka arobaini na tano. Waume wawili walimwacha kwa kukosa mtoto. Wa tatu, Mzee Mwinjuma, alimwoa akiambiwa na mtaa mzima kwamba kachukua shamba lisiloota.

"Mwezi wa tatu huu sioni siku zangu," alisema. "Nilijua nimekoma. Sasa huyo chura wako... alisemaje hasa?"

Neno lilikuwa mdomoni limeshaiva. Lakini Mwanabaraka alikumbuka alichofundishwa: hata mwanamke anayekoma hedhi homoni zake hupanda, zikaweza kumdanganya chura. Ila za mimba ni nyingi mno. Ukiuzimua mkojo kwa maji mara kumi na chura akaamka bado, hapo ndipo useme. Akiamka, ushahidi wa kumpa Bibi Daktari umepatikana, kazi imepona na shangazi ana mtoto. Akilala, vyote viwili vimekufa siku moja.

Akatoa chupa tupu mkobani. "Nijazie nyingine, shangazi. Yako wewe. Nitaipitia alfajiri."

Bi Mwajabu aliikumbatia chupa ile kifuani kama kitu kinachopumua. "Si alishasema? Niambie tu, mwanangu. Neno moja."

"Kuna swali moja sijamuuliza." Mwanabaraka alijitanda buibui lake. "Kesho, shangazi. Nitakuja mbio nikwambie yote, liwe zuri liwe baya. Leo ukinibana nitakwambia ninachokitaka mie."