Kisanduku cha Baba Mkubwa

Zamani kijana wa Kitahana, huko Kibondo, akiposa, wakwe walimpa jembe na kumwonyesha shamba. Alime, wao wakae pembeni wauangalie mgongo wake. Marselino alizaliwa amechelewa. Yeye alipewa kisanduku cheusi, chepesi, kilichosafiri kutoka Amerika kimeviringishwa ndani ya soksi, akaambiwa akifanye kiongee.

"Afadhali shamba," alisema mjomba wake Bazilio, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. "Shamba angalau unaona lilipoishia."

Amri ilitoka kwa Tharsisi, baba mkubwa wa Kunda. Baba mzazi wa binti alifariki wakiwa bado katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na tangu hapo neno la mwisho katika nyumba ile lilikuwa la kaka wa marehemu, ingawa mwenyewe alikwisha kuchukuliwa kwenda kuishi Amerika. Mjane, Mama Immakulata, na bintiye walihamia Kasulu mjini, katika nyumba waliyouziwa na mstaafu mmoja. Pamoja na nyumba, mstaafu aliwaachia simu ya mezani ya rangi ya maziwa, ambayo waya wake ulikwisha kufa zamani. Mama Immakulata aliifunika kitambaa cha kufuma, akawa anaifuta vumbi kila Jumamosi kama vile kuna siku itamshukuru.

Siku yenyewe ilikuwa imefika. Mzee Tharsisi hakutaka kujibu posa kwa simu ya mkononi. Alisema hiyo ni simu ya sokoni: mtu anakimbia nayo nje kutafuta mtandao, anasimama kwenye kichuguu katikati ya mbuzi, halafu eti unazungumza naye habari za mtoto wa watu. Yeye angepiga simu nyumbani, sebuleni, walipokaa watu na viti vyao. Kisanduku kingeifufua simu ya mstaafu kwa kupitia intaneti. "Na huyo fundi simu wa Kibondo anayemtaka binti yetu," alimalizia, "akifunge yeye. Kisipoongea, tuahirishe mpaka nitakapokuja mwenyewe."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtisha Marselino. Mzee yule alikuwa anakuja tangu alipoondoka. Kila Krismasi alikuwa anakuja. Kunda alikwisha kumaliza shule, akajifunza kushona, akafungua kibanda chake cha cherehani, na mzee bado alikuwa njiani.

Kwa hiyo kijana alitangulia Kasulu siku moja kabla ya ugeni, na mkoba wake wa bisibisi. Ufundi wake aliusomea kwenye kibanda pale stendi ya Kibondo, na karo aliilipa kwa kuunguza vitu vya watu, ikiwemo redio ya mchungaji ambayo mpaka leo inaombewa. Ndiyo maana kabla ya kugusa chochote aliyasoma maandishi madogo ya chaja yote, akahakikisha inaubeba umeme wa kwetu, kisha akaitafutia soketi ya kubadilishia ile miguu yake miwili bapa ya Kimarekani. Alipima mtandao chumba kwa chumba. Sebuleni ulikuwa unakuja kama mgeni mwenye haya. Barazani kwa jiko, upande wa nyuma, ulikuwa unakaa. Basi akageuza kinu, akapanga juu yake ruta yenye modemu ya laini, kisanduku kikaunganishwa kwenye ruta, na kutoka kwenye kisanduku akavuta waya mrefu wa simu ukapita dirishani mpaka ndani, kwenye meza ya simu.

Mpango huo ulimfaa kwa jambo jingine pia. Kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Aliko mmoja, mwingine hupita nyuma ya nyumba. Tangu afike, Marselino alikuwa amemfahamu Mama Immakulata kwa kikohozi chake na kwa uji mtamu aliotumiwa kupitia mkono wa Kunda.

Jioni ile Kunda aliongea na binamu yake wa Amerika kwa simu ya mezani, wakachekana mpaka mboga ikaungua. Sauti ilikuwa safi kama ya mtu aliye chumba cha pili. Marselino alilala akiamini amekwisha kuoa.

Wageni walifika kesho yake mchana, wamepakwa vumbi la njia ya Kibondo hadi kwenye kope. Bazilio na wazee wawili waliokuja naye wakaingizwa sebuleni. Mama Immakulata alikaa kwenye mkeka karibu na simu. Kunda, kama inavyompasa binti anayeposwa, alijificha chumbani nyuma ya pazia. Marselino alibaki nyuma ya nyumba na kinu chake, akikaa, akisimama, akikaa tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Simu ikalia. Haikuwa na wimbo wa simu za siku hizi. Ililia kwa kengele ya chuma, kuku wa kweli wakatawanyika uwanjani. Marselino akasikia dirishani sauti ya mama mkwe ikishuka kwa heshima, kwa Kirundi, ikimtakia amani na mchana mwema.

"Amahoro, shemeji. Mwiriwe."

Yakafuata makofi ya viganja vilivyobonyea, taratibu, pwa, pwa, pwa, na sebule nzima ikaitikia kwa makofi. Kisha kimya. Kisha sauti ya mama ikasema, "Amekata."

Marselino akakodolea taa za kisanduku. Zote zilikuwa zinawaka. Akaisukuma ruta ikae pembeni kidogo ya kinu, akaurudisha ulimi ndani ya mdomo, akasubiri. Simu ikalia tena. Amahoro, shemeji. Mwiriwe. Pwa, pwa, pwa. Kimya.

"Amekata tena," mama akasema.

Safari hii aliushuku umeme, ambao wiki ile ulikuwa unapumua kama mgonjwa. Akachomoa, akaunganisha vyote kwenye betri ya gari aliyoazima kwa jirani. Kwa haraka akauchoma ukucha wake kwa bisibisi, akaunyonya bila kuhisi.

Bazilio akatokea kona ya nyumba, amejifanya anatafuta choo.

"Mwanangu, niweke sawa nijue la kusema kule ndani. Tumekuja kuomba mke au kuomba mtandao?"

"Mjomba, nipe dakika moja."

"Dakika ninazo. Maneno ndiyo yameniishia. Nimeshaisifia mvua ya Kasulu, nimesifia mihogo, nimesifia kalenda ya ukutani, na ni ya mwaka juzi. Wale wazee wenzangu wamemaliza karanga, sasa wanatafuna maganda."

"Jana iliongea vizuri."

"Jana hatukuwepo. Labda inatuogopa sura." Akampiga begani, akarudi ndani.

Mara ya tatu Marselino hakuhangaika na kitu. Alipiga magoti, pua karibu iguse kisanduku, akazitazama taa. Kulikuwa na taa ya intaneti, na kulikuwa na taa ya simu. Ya simu hutulia mkono wa simu ukiwa umelala mahali pake, ukiinuliwa, inapepesa. Kengele ikalia, ikanyamaza, taa ikaanza kupepesa. Amahoro, shemeji. Taa ya intaneti haikutikisika hata kidogo. Ile ya simu ikaacha kupepesa, ikatulia tuli.

Kwanza alifurahi, kama fundi yeyote anayeuona ugonjwa. Halafu akaelewa maana yake. Mtandao haukukatika. Mzee hakukata. Mkono wa simu ulirudishwa mahali pake juu ya simu, na hivyo ndivyo simu ya waya inavyokatwa, pale pale sebuleni, na aliyeushika alikuwa mtu mmoja tu.

Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta. Kwa hiyo mama hamtaki. Mwanamke mwenye adabu hawezi kumwambia mgeni toka kwangu; anapokea simu, anamwamkia shemeji yake vizuri mbele ya mashahidi, kisha anaua mazungumzo kabla swali halijaulizwa, na kisanduku kinabebeshwa lawama. Marselino alijihesabu: hana baba, hana ng'ombe, ana kibanda cha stendi na sifa ya kuunguza redio. Angekuwa yeye ndiye mama, labda naye angekata.

Kunda akatoka kwa mlango wa jiko, simu yake ya mkononi kiganjani. "Baba mkubwa ameandika. Anasema anajaribu mara mbili nyingine tu, gari la kazini linamfuata. Kisha anasema tuahirishe."

"Mama yako ananikataa."

"Nani kasema?"

"Taa imesema. Yeye ndiye anayekata."

Kunda alimtazama mtu wake kama mtu anayepima kitambaa. "Mama huyu aliyekutengea uji wa karanga?"

"Uji anapewa hata anayefukuzwa. Anapewa ili asianguke njiani."

"Maselo, una wazimu wa njaa."

"Basi kamuulize."

"Nitoke nyuma ya pazia, niwapite wazee, nimuulize mama yangu kwa nini anamkataa mwanamume wangu? Si utanikataa wewe mwenyewe, kwa aibu."

Kengele ikalia ndani. Ile ya kwanza kati ya mbili.

Marselino hakuamua chochote. Miguu ndiyo iliyoamua. Ilimfikisha dirishani, pale waya ulipoingilia, na jicho lake likajikuta kwenye upenyo wa pazia, likitenda kosa ambalo huko kwao kijana anaweza kusimuliwa nalo mpaka anazeeka.

Akamwona mama mkwe kwa mara ya kwanza. Mwanamke mdogo kuliko kikohozi chake, amevaa kitenge cha sikukuu na kilemba. Alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ya simu kama vile Mzee Tharsisi amekaa juu yake. Aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili, akasema, "Amahoro, shemeji. Mwiriwe." Halafu, kwa kuwa kaka wa marehemu mume haamkiwi kwa mdomo mtupu, na makofi yanataka viganja viwili, akaulaza mkono wa simu mahali pake juu ya simu, polepole, kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Akainamisha kichwa. Akapiga makofi. Bazilio na wazee nao wakainamisha vichwa, wakapiga makofi. Hakuna aliyeshangaa. Pale ndani hakuna aliyewahi kuongea kwa simu ya waya. Ya mkononi ukiilaza mezani inaendelea kuongea, sasa hii kubwa zaidi ingeshindwaje? Mama akamaliza salamu yake yote, hakupunguza hata kofi moja, akainua tena, akasikiliza.

"Amekata," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Kunda, mwanangu, baba yako mkubwa amekasirika. Hataki hata niimalize salamu."

Alipogeuka kumwita bintiye, macho yake yakapita dirishani. Marselino akachomoka pale kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Anamwamkia," akamwambia Kunda huku akihema. "Kunda, anamwamkia. Anaulaza ili apate mikono."

Kunda alielewa, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Mwambie asiulaze," Marselino akasema.

"Asalimu kwa mkono mmoja? Mbele ya wageni? Atakufa kwanza."

Kunda alikuwa amesema kweli. Marselino akazunguka kinu. Kumwambia mama asipige makofi ni kumwambia asiwe na adabu, na hiyo ndiyo adabu yenyewe aliyokuja kuiomba katika nyumba hiyo. Akazunguka tena. Kutoka kwa jirani akasikia mwanamke akiimba, akatazama: alikuwa anapita na ndoo kichwani, mikono yote miwili inasuka ukili wa mkeka.

"Kilemba cha mama," akasema. "Mfungie mkono wa simu sikioni, ndani ya kilemba. Ukaze."

Kunda akamwandikia baba mkubwa kwamba simu ilikuwa inakatwa na makofi ya salamu tu, si hasira, akaingia ndani mbio, na safari hii hakuwaomba radhi wazee. Marselino akasikia viti vikisogezwa, akamsikia Bazilio akiuliza kama posa za siku hizi zinafungiwa bandeji. Kisha kengele ikalia, ya mwisho.

"Amahoro, shemeji. Mwiriwe."

Taa ilikuwa inapepesa. Pwa, pwa, pwa. Bado inapepesa. Makofi yakaendelea mpaka mwisho wake, taa ikiruka ruka kama moyo wa mtu fulani, na mama akanyamaza kumpisha mkubwa aongee.

Hakuongea. Kisha mama akasema, kwa kukata tamaa kabisa, "Amekata."

Marselino akatazama taa. Ilikuwa bado inapepesa. Mkono wa simu ulikuwa bado sikioni kwa mama, salama ndani ya kilemba. Safari hii aliyekata alikuwa ng'ambo. Kijana akasimama na ukucha wake mdomoni, akijaribu kufikiri ni kitu gani kingemfanya mzee aliyeililia sana simu ya sebuleni aitupe dakika ile ile ilipokubali. Na kabla hajamaliza kufikiri akaanza kucheka, peke yake, ameegemea ukuta.

Ndani Kunda akaibonyeza simu pale mkono unapolala ili iweze kupokea, na kengele ikalia tena, nje ya hesabu.

"Nisamehe, shemeji," sauti ya mzee ilikuwa kubwa hivi kwamba hata dirishani ilifika, imekwaruza. "Ulipopiga makofi nimejikuta nimeulaza mkono wa simu yangu ya mezani nikuitikie. Tangu nije huku hakuna aliyeniamkia hivyo. Gari linanipigia honi hapa, liache lipige. Safari hii mikono umeipata wapi?"

Mama Immakulata akajibu bila kusita, na kwa sauti ambayo hakika haikukusudiwa shemeji peke yake.

"Ni akili ya mkwe wako. Yule anayechungulia madirishani."

Nje, Marselino aliganda, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza swali bado, na jina la mkwe lilikwisha kutamkwa.

"Anachungulia?" mzee akauliza. "Hiyo ina faini."

"Faini tunaikubali," Bazilio akadakia kabla jambo halijapoa. "Na anayelipa faini ya ukwe ni mkwe. Wazee, mmesikia wote? Tuendelee."

"Jembe," mzee akasema. "Jipya. Na shamba aonyeshwe."

Marselino akageuzia dirisha mgongo, kama desturi inavyotaka, akakaa kando ya kinu kuilinda ile taa ndogo, na hakuthubutu kuinuka hata kuku walipoanza kuurudia waya kuudonoa.