Salamu za Baba na Betri Iliyobaki

Chaja ilitoa harufu ya plastiki inayoungua, taa yake ikazimika, na papo hapo kompyuta ikaanza kujikokota. Ndivyo ilivyo: ikikosa umeme wa ukutani, prosesa, ubongo wa kompyuta, hupunguza mwendo yenyewe ili betri idumu.

Binti wa studio aliichomoa chaja ukutani. Filamu ya harusi ilikuwa inapikwa, ndivyo walivyoita kuunganisha vipande vyote viwe kimoja, na hata nusu haijafika. Kaka yake, mwenye studio, alishatangulia ukumbini kufunga skrini. Mlangoni alisimama shangazi wa bibi harusi, funguo za gari mkononi, hakai wala hanyamazi.

Bibi harusi aliomba kitu kimoja tu. Baba yake alinyimwa ruhusa kazini, yuko mbali. Basi walau sauti yake isikike mbele ya watu kabla binti yake hajaondoka kwao. Salamu hizo alizirekodi kiwandani, kwenye kelele za mashine, na binti wa studio alishinda asubuhi nzima akizisafisha.

Shangazi akauliza mbona kompyuta imegeuka kinyonga, akaamuru ikimbizwe. Binti hakuwa na ulimi wa kubishana na wakubwa. Akaingia kwenye mipangilio, akaondoa hali ya kuokoa chaji. Feni ikavuma, filamu ikashika kasi, shangazi akatabasamu. Lakini chaji nayo ikawa inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na muda si muda alama ya betri ikawa nyekundu.

Akairudisha kwenye mwendo wa pole. Chaji ikatulia, ila kwa mwendo ule wageni wangeshakwenda makwao.

Akasimamisha kila kitu.

"Shangazi," akasema. "Naipika salamu ya baba peke yake. Mengine yatasubiri."

"Hata pale ninapocheza?"

"Hata pale, shangazi."

"Mwanangu, ile mitindo nimejifunza wiki nzima."

Binti alishabonyeza. Akafifisha mwanga wa skrini mpaka ikawabidi wote wawili wainame kuutazama ule mstari unaoonyesha kazi ilipofika ukijaa. Kipande kikaiva, kikaingia kwenye flashi chote. Binti alipoichomoa tu, skrini ikawa nyeusi.

Alipogeuka, shangazi alishavua viatu vya visigino na anakimbilia gari.

"Njoo," alisema bila kugeuka. "Na kile kipande changu usikifute."