Mlango wa Ubavuni

Mpimaji hakuwa mtu wa machozi. Tetemeko liliangusha nusu ya msikiti wa udongo aliosomea utotoni, naye akaja na kamera yake, akapiga picha elfu nne, akarudi ofisini kuujenga upya ndani ya kompyuta. Kazi ni kazi. Kanuni aliitunga mwenyewe: chenye ushahidi wa picha kinapakwa rangi ya udongo, cha kukisia kinapakwa kijivu. Mafundi wangejenga cha rangi ya udongo tu. Kijivu kingebaki kwenye kompyuta mpaka kiyama.

Ukuta wa kushoto ulisimama. Wa kulia ulikuwa kifusi, na picha za zamani walizoleta waumini zote zilipigwa mbele, wanaume wamejipanga, vifua mbele. Basi akaunakili ule wa kushoto, akaugeuza, akaubandika kulia na rangi yake ileile ya udongo; picha za kushoto alizihesabu kuwa ushahidi tosha. Ukakaa barabara.

Asubuhi ya kukabidhi michoro, shangazi yake akaja kuuona huo msikiti wa kwenye kioo. Akavaa miwani, akatazama weee.

"Mzuri," akasema. "Sasa sisi tutaingilia dirishani?"

"Nani, shangazi?"

"Wanawake! Mlango wetu si ulikuwa hapo kulia? Loo, umesoma mpaka umesahau ulikopita! Si wewe uliyeng'ang'ania kizingiti kile siku ya kwanza, unalia hutaki kuachwa?"

Mpimaji aliona aibu, na aibu yenyewe si ndogo. Akazipekua picha upya. Wapi! Nani angehangaika kupiga picha ubavuni, wanakoingilia wanawake?

"Upana wake?"

"Mimi na mama yako tulipita sambamba, naye ana mimba yako."

Akachukua futi, akampima shangazi mabega, akaongeza ya mama na tumbo lake, akachora mlango. Kisha akaupaka kijivu.

"Mbona wetu wa majivu?"

Akamweleza.

"Kwa hiyo hautajengwa."

"Hautajengwa."

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akainuka aende zake. Mtu huyu ambaye hajawahi kuondoka bila kubishana! Hilo ndilo lililomchoma mpimaji.

"Shangazi, waite wenzako," akasema. "Wote waliopita hapo."

Saa sita mchana mkuu wa mradi alikuwa akikagua michoro, kalamu mkononi. Kidole kikasimama kwenye ukuta wa kulia.

"Mlango huu umeupaka rangi ya udongo. Picha namba ngapi?"

"Hauna picha. Una mashahidi kumi na wawili. Kumi na mmoja wako kwenye korido."

"Na wa kumi na mbili?"

"Mimi. Nilipita hapo miaka minane, na jana ungeniuliza ningekuapia ni ukuta."

Mkuu akachungulia koridoni. Walikuwa wamekaa sakafuni, wamenyoosha miguu, hawana haraka. Akarudi mezani, akatia sahihi.