Matofali ya Chumba cha Kemuma

Kwaru, kwaru. Nyanchera akafumbua macho gizani. Ni Kemuma tena, bintiye wa miaka mitatu, anakwaruza ukuta wa udongo kwa ukucha na kulamba vumbi.

"Toa mkono, mama," alimnong'oneza, akamvuta kifuani.

Kulipokucha, mumewe Ochoki alikuwa aanze kujenga chumba cha mtoto. Matofali yalikuwa uani tayari, meusi na mazito. Nyanchera mwenyewe aliyafyatua na wenzake wa masomo ya jioni pale Kebirigo, kwa masalio ya tanuri linaloyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari. Zamani taka hizo zilimwagwa bondeni, juu ya mto. Sasa zilisagwa, zikachanganywa na saruji ili sumu ifungwe ndani. Mwalimu wao, Drusilla, aliyaloweka matofali, akapima maji yake, akayakuta safi.

"Baba Kemuma, ngoja kwanza," Nyanchera alisema wakinywa chai. "Tulipima maji. Hatukupima mate ya mtoto anayeshindia uji mchachu; uchachu huenda ukaitoa sumu."

Ochoki akacheka. "Si ni wewe uliyasifu mpaka kanisani? Leo unayaogopa?"

"Siyaogopi. Namjua atakayeyalamba."

Ochoki alimtazama binti yake, kidevu chekundu kwa udongo. Akauegemeza mwiko wake wa uashi ukutani.

Jioni Nyanchera alibeba tofali moja hadi darasani. Drusilla hakubishana. Alivunja kipande, akakiloweka kwenye siki, na wiki iliyofuata akamwita kando.

"Risasi imetoka. Si nyingi, lakini imetoka."

Nyanchera akaliona akilini bonde lile, na taka zikirudi kumwagwa. "Basi tumeshindwa, mwalimu?"

"Nani amesema? Mchanganyiko haujaiva tu. Yasageni tena, mwongeze chokaa."

Wakayasaga, pua zimefungwa vitambaa vyenye maji. Wakaongeza chokaa, wakafyatua upya, wakapima, wakaongeza, wakapima tena, hadi siki nayo ikatoka safi. Hata hivyo Nyanchera alishika lake: matofali hayo yaende kwenye msingi, chini ya ardhi, ambako ulimi haufiki. Kuta zitakuwa za matofali ya udongo wa kuchoma.

"Mama Kemuma, wewe ni mgumu kuliko saruji," Ochoki alisema, ameinama mtaroni akipanga ya mwisho.

"Panga tu, fundi. Hilo limekaa upande."

Ochoki akaligonga likanyooka. Wakafukia kwa udongo, wakaushindilia kwa miguu, Nyanchera ameinua sketi kidogo. Kemuma akauzunguka msingi wote polepole, akasimama kwenye kona inayotazama migomba.

"Baba, mlango weka hapa."